Nimepoteza vidole viwili kiwandani, na bosi ni baba mdogo wa mke wangu

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri.

Mimi ni mwanamume wa miaka 34, nina mke na watoto wawili, tunaishi Nkuhungu hapa Dodoma. Naandika kwenye simu kwa mkono wa kushoto ambao bado haujazoea, kwa hiyo unisamehe kama maneno hayajanyooka.

Kwa miaka sita nimefanya kazi kwenye kiwanda cha kukamua alizeti. Si kikubwa: mashine tatu, ghala la mbegu na uwanja wa mashudu. Mwenye kiwanda ni baba mdogo wa mke wangu. Ndiye aliyenipa kazi nilipotoka Bahi sina kitu. Ndiye aliyesimama kwenye harusi yetu badala ya baba mkwe, ambaye alishatangulia mbele ya haki. Kodi ya nyumba yetu ya kwanza alilipa yeye. Nayasema haya mapema usije ukamwona ni mtu mbaya, maana siye.

Mkataba wa maandishi sina. Mshahara ulikuwa 380,000 kwa mwezi, anautuma kwa simu.

Mei mwaka jana msimu ulikuwa umepamba moto, malori ya alizeti ya Kongwa na Chemba yamepanga foleni getini. Mashine ya pili ilikuwa inakwama kila mara kwa sababu mbegu zilikuja na takataka nyingi. Kava la mkanda tulikuwa tumeshalifungua, maana kila ikikwama inabidi ulegeze nati nne na muda unapotea. Bosi alikuwa anapita na kuona, hakusema kitu. Siku hiyo nasukuma mbegu kwenye hopa, mkono wa ovaroli ukavutwa na mkanda. Sauti naikumbuka, maumivu siyakumbuki. Mwenzangu ndiye aliyekimbilia swichi. Kidole cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia vilikwenda. Cha pete kipo, ila hakikunji.

Dereva wa bosi alinikimbiza hospitali. Mapokezi akaeleza kuwa nimekatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe nyumbani. Baadaye alinieleza kuwa aliagizwa aseme hivyo, ili watu wa usalama kazini wasije wakafunga kiwanda katikati ya msimu. Mimi nilikuwa sijiwezi, na nilipopata nafuu nilinyamaza. Mpaka leo kwenye faili langu ni ajali ya nyumbani.

Gharama za hospitali bosi alilipa zote. Mshahara alinipa kamili miezi miwili, kisha nusu, kisha ikawa anatuma anapokumbuka: mara 50,000, mara kiroba cha unga na dumu la mafuta. Sasa hivi tunakula mboga anazouza mke wangu sokoni Majengo.

Mwezi huu aliniita. Akasema kazi ya mashine siiwezi tena, atanipa ulinzi wa usiku kwa mshahara mdogo kuliko ule wa zamani, na shilingi milioni mbili za kunifuta machozi. Akatoa karatasi iliyochapwa stesheneri, imeandikwa kwamba nimepokea malipo yote na sitakuwa na madai mengine yoyote, sasa wala baadaye. Nikaomba nikaisome nyumbani. Alikunja uso, lakini alikubali.

Rafiki yangu aliyekuwa kwa mkandarasi kule Mtumba anasema kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Yeye alivunjika mguu kazini akalipwa, ananihimiza niende. Nilipomgusia mke wangu alilia. Anasema nikimshtaki baba yake mdogo, ukoo mzima utamsema kwamba alituletea mkwe asiye na shukrani. Mama mkwe naye alipiga simu. Hakutaja lolote waziwazi, alisema tu, "Baba, nyumba hii usiivunje."

Nilimuuliza bosi kwa adabu kama tumeandikishwa kwenye huo Mfuko. Akanijibu kuwa hayo ni mambo ya serikali na makampuni makubwa, na kwamba yeye hajawahi kunikata hata senti, sasa nitadai nini nisichokichangia? Akaongeza kuwa jina lake likifika kule watamtoza faini mpaka afunge, na vijana wenzangu kumi na mmoja watakosa kazi kwa ajili yangu. Na ukweli, Mama, kava tulilifungua wenyewe. Kosa ni letu.

Kitu kingine nimeshindwa kumwambia mtu. Tukikaa mkekani kula, tonge nalishika kwa gumba na kidole cha mwisho, linaponyoka, linaangukia kwenye mchuzi mbele ya wageni. Siku hizi nasingizia nimeshiba. Kijana wangu wa darasa la pili ameanza kunimegea ugali bila mimi kumwomba.

Hiyo milioni mbili naihitaji leo. Nisaini? Au niende Mfuko nivunje undugu?

Msomaji, Nkuhungu

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana. Pole kwa vidole, na pole kwa miezi yote hii uliyokaa na jambo zito hivi huku kila mtu anakwambia nyamaza kwa namna yake. Barua yako nimeirudia zaidi ya mara moja. Hujaandika kwa hasira hata mstari mmoja. Umeanza kwa kumtetea mtu ambaye karatasi yake inakunyima usingizi, na hilo limenionyesha mambo mengi kuhusu wewe.

Nikikuelewa vizuri, unaona njia mbili tu. Moja ni kusaini, uchukue fedha, undugu ubaki. Nyingine ni kwenda Mfuko, udai chako, undugu ufe. Naomba tuziangalie pamoja polepole, kwa sababu nadhani yapo mambo umeambiwa, au umejiambia, ambayo hayako hivyo.

La kwanza ni hili la kumshtaki baba mdogo. Zamani, mfanyakazi akiumia, fidia ilikuwa mzigo wa mwajiri wake mmoja, kwa hiyo kudai kulikuwa kumkaba yeye. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilibadilisha hapo. Ilianzisha Mfuko ambao waajiri wote wa Tanzania Bara, wa serikali na wa binafsi, wanauchangia kila mwezi. Michango ilianza kukusanywa mwaka 2015, na mafao yakaanza kulipwa mwaka uliofuata. Mtu akiumia kazini, anayelipa ni Mfuko. Mfanyakazi hapeleki mwajiri mahakamani, anapeleka taarifa ya ajali na madai ya fao. Kwa mwajiri aliyejisajili na kuchangia, Mfuko ni kinga yake kama ulivyo kinga yako, kwa sababu unamwondolea gharama ambazo baba mdogo amekuwa akizitoa mfukoni mwake tangu Mei. Nashangaa ni waajiri wangapi wadogo hawajaelezwa hili wakaelewa.

Halafu kuna hilo la kwamba hujachangia. Hukupaswa kuchangia, mwanangu. Si kama NSSF, ambako mwajiri anaruhusiwa kukukata sehemu. Mchango wa Mfuko wa Fidia ni wa mwajiri peke yake, na ni kosa kuutoa kwenye mshahara wa mfanyakazi. Kwa sekta binafsi ulianza kwa asilimia 1 ya mishahara, ukashushwa hadi 0.6, na tangu Julai 2022 ni asilimia 0.5. Kwa mshahara wako wa 380,000 ni shilingi 1,900 kwa mwezi. Na sheria haikuwaacha nje wenye mashine tatu. Kiwanda kinachoajiri watu wachache kimo, sawa na wizara.

Utaniambia huna mkataba. Wengi wanaoniandikia kutoka viwandani na kwenye mashamba ya zabibu hawana, na wanadhani ndiyo mwisho wa maneno. Sheria za kazi zetu zinamwangalia mtu kwa kazi anayofanya. Kama unapangiwa saa za kuingia na kutoka, unatumia mashine na vifaa vya mwenye kiwanda, na riziki yako inategemea malipo yake, sheria inakuchukulia kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Kuweka masharti ya kazi kwa maandishi ulikuwa wajibu wake, si wako. Ule mshahara uliokuwa unatumwa kwa simu ni ushahidi mzuri mno: nenda kwa mtandao wako uombe taarifa ya miamala, itaonyesha jina la mtumaji, tarehe na kiasi, mwezi kwa mwezi. Itunze. Kiasi hicho kina maana kubwa, kwa sababu mafao hupigiwa hesabu kwa mshahara halisi.

Sasa tuje kwenye kava, maana naona ndilo linalokufunga mdomo kuliko yote. Umesema kosa ni lenu. Mfuko haukuulizi nani mwenye kosa kama polisi wanavyouliza kwenye ajali ya barabarani. Unauliza kama uliumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Panapoleta shida ni pale mfanyakazi alipofanya utovu mkubwa wa makusudi, kwa mfano kuendesha mashine akiwa amelewa. Wewe ulikuwa unasukuma mbegu za mwajiri kwenye hopa ya mwajiri, malori yakisubiri getini. Na kulinda mashine ni jukumu la mwajiri kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Mwenye kiwanda alipita akaona mkanda uko wazi, mkanda ukaendelea kuzunguka. Sisemi hivi ili umchukie. Nataka tu uache kubeba peke yako kitu ambacho mlikuwa wengi mlipokiona.

Na hapa nina swali ambalo barua yako haikuligusa. Lile kava limerudishwa? Umetaja vijana kumi na mmoja watakaokosa kazi kwa ajili yako. Mimi nawafikiria hao hao msimu ujao, Mei ikifika, mbegu zikikwama tena. Kama mkanda bado uko wazi, basi kunyamaza kwako hakuwalindi. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, wanapokuja kiwandani wanakagua na kuelekeza nini kirekebishwe. Kava ni bati na nati nne. Hakuna kiwanda kinachofilisika kwa hilo.

Kuhusu karatasi. Kabla ya kupima kama milioni mbili ni nyingi au kidogo, angalia unaombwa kufunga hesabu gani. Mfuko hutoa matibabu. Hutoa malipo ya muda kwa kipindi ambacho huwezi kufanya kazi, asilimia 70 ya mshahara, hadi miezi 24. Ukishapona kadiri mwili unavyoweza kupona, daktari anapima ulemavu uliobaki na kuupa asilimia. Isipozidi 30 unalipwa kwa mkupuo, ikizidi 30 unalipwa pensheni ya kila mwezi. Kuna pia huduma za utengamao, yaani kurudisha nguvu za kiungo na kukuandaa kwa kazi nyingine. Vidole vyako ni asilimia ngapi, usimsikilize mtu wa kijiweni akikutajia mamilioni, wala usinisikilize mimi. Hilo ni la daktari anayepima. Lakini huo ndio ugumu wenyewe: mkono wako haujapimwa, na karatasi inakutaka useme umelipwa yote. Yote ya nini, ikiwa hakuna aliyepiga hesabu?

Milioni mbili ni fedha ya kweli kwa mtu ambaye nyumba yake inaendeshwa na meza ya mboga, na sitakudharau ukisema unaihitaji. Ukisaini leo, utalipa kodi, utanunua unga, na mama mkwe hatapiga simu tena. Hatari yake ni kwamba huenda fao lingekuwa kubwa zaidi, au likawa la kila mwezi, na baadaye utakaposema hukulipwa, karatasi itatolewa kabatini. Kuna namna ya katikati ambayo watu wengine wamejaribu: kumwomba baba mdogo hiyo fedha iandikwe kuwa ni msaada wa mwajiri, bila sentensi ya kufuta madai mengine. Akikubali, utajua kweli alikuwa anakufuta machozi. Anaweza kukataa, na hapo itabidi ujiulize kwa nini.

Jambo moja halisubiri, nalo ni muda. Mwajiri alipaswa kuujulisha Mfuko ndani ya siku 7 za kupata habari za ajali. Hizo zimepita zamani. Lakini sheria inampa mfanyakazi miezi 12 tangu siku ya ajali kuwasilisha dai. Wewe uliumia Mei. Bado umo ndani ya mwaka, ila miezi inakwenda, na kila wiki unayosema "nitafikiria" ni wiki iliyotoka kwenye hiyo akiba. Hata ukiamua kusubiri, subiri ukijua tarehe.

Kuna kigingi kingine ambacho sitakuficha: faili la hospitali. Dai la Mfuko linategemea taarifa za daktari aliyekutibu, na faili lako linasema ulikuwa nyumbani na mashine ya majani. Kuna watu watakushauri uchonge maelezo mengine yafanane na hayo. Usikubali. Rudi kwa daktari aliyekutibu, mweleze ukweli kama ulivyonieleza: hukusema wewe, ulikuwa hujiwezi, aliyesema ni aliyekupeleka, na ulinyamaza kwa woga. Omba maelezo yako mapya yaandikwe kwenye faili. Kisha mfikirie yule mwenzako aliyezima swichi. Yeye ndiye aliyeona kwa macho. Kumwomba aseme kweli ni kumwomba ahatarishe mkate wake pia, kwa hiyo zungumza naye kwa heshima, na akiogopa usimlaumu. Mtu aliyeona si yeye pekee. Wenye malori getini walikuwepo, na siku hiyo hakuna asiyeikumbuka.

Vipi kuhusu faini? Hapo baba mdogo hajakudanganya kabisa. Mwajiri asiyejisajili au asiyechangia anavunja sheria, na anaweza kudaiwa michango ya nyuma pamoja na tozo zake. Ana sababu ya kuogopa. Ila deni hilo halikuzaliwa na vidole vyako. Lilikuwepo kabla hujaumia, na litazidi kukua hata ukisaini karatasi kumi. Mwajiri anayekwenda mwenyewe kujisajili na kueleza hali yake anapokelewa tofauti na yule anayefuatwa. Kuna uwezekano kwamba kitu chema zaidi unachoweza kumfanyia baba mdogo ni kumpa nafasi ya kwenda yeye kwanza. Pia usiwe na hakika kwamba hajasajiliwa. Nimeona wenye viwanda ambao mhasibu wa mkataba aliwasajili walipokuwa wanatafuta leseni, wao wenyewe hawajui. Na kama kweli hajajisajili, hilo ndilo swali la kwanza la kuwauliza Mfuko: dai la mfanyakazi wa mwajiri wa namna hiyo linashughulikiwaje?

Unaogopa kufukuzwa, ingawa hukuandika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikubali mtu kuachishwa kazi kwa sababu ametumia haki yake ya kisheria. Ikitokea, unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hapo Dodoma ndani ya siku 30 tangu uachishwe, unajaza fomu, huhitaji kuanza na wakili. Hata kukuhamishia ulinzi kwa mshahara mdogo si jambo la kuamuliwa na mtu mmoja. Unaweza kumwona Afisa Kazi ukamuuliza. Lakini najua, na wewe unajua, kwamba Tume inaweza kukurudishia kazi, haiwezi kukurudishia nafasi yako kwenye msiba au harusi ya upande wa mkeo. Hasara hiyo ni ya kweli, na ni wewe utakayeishi nayo, si mimi niliyekaa hapa nikiandika. Ndiyo maana sikwambii nenda wala usiende.

Nitakachokwambia ni kwamba usiende kwa baba mdogo peke yako. Ulipokwenda kuoa, hukujisemea; alikwenda mshenga. Yuko wapi huyo mzee? Kama yu hai na bado anaheshimiwa pande zote mbili, hili ni jambo lake kabisa. Ndugu wakikaa na mshenga katikati, hakuna anayemshitaki mwenzake. Anaweza kusema kwa niaba yako maneno ambayo yakitoka kinywani mwako yatasikika kama utovu wa adabu: kwamba mkwe anashukuru kwa harusi, kwa kodi, kwa hospitali, kwamba hakuja kugombana, kwamba anaomba ajali itolewe taarifa kama ilivyotokea, mkono upimwe, na karatasi ikae pembeni hadi hapo. Ubaya wa njia hii ni kwamba vikao vya ukoo vina desturi ya kuahirishwa, "tukutane baada ya mavuno". Mpe mshenga tarehe. Mwambie wazi kuhusu ile miezi 12.

Mkeo analia kwa sababu amewekwa katikati ya mume na baba mdogo aliyesimama kwenye harusi yake. Sidhani kama yuko kinyume chako. Je, amewahi kuelezwa kwamba Mfuko ndio unaolipa? Au naye anapiga picha ya mahakama, na baba yake mdogo kizimbani? Kabla ya kumwona mshenga, kaa naye usiku watoto wakilala, msomee karatasi ile mstari kwa mstari, kisha muulize anaelewa nini. Msikilize hadi mwisho. Yeye ndiye anayejua fedha ya mboga inafika wapi, na yeye ndiye atakayezeeka na mtu mwenye mkono huo.

Na sasa mkono wenyewe. Umeandika kwamba hilo hujamwambia mtu, nakushukuru kwa kuniambia. Kidole cha pete ambacho hakikunji, muulize daktari kama mazoezi ya viungo bado yanaweza kukisaidia. Mara nyingi mtu akishafunga kidonda hakuna anayemwambia kuwa bado kuna kazi ya kufanya. Kula kwa kijiko mbele ya wageni si aibu, na wa kwanza kukichukua akiwa wewe, wengine watakuwa wamesahau kabla ya maji ya kunawa kuzunguka tena. Mtoto anayekumegea ugali hakuonei huruma ya kukudharau. Ameona baba ana shida, amesaidia, basi. Mshukuru kwa sauti, aisikie. Kushinda njaa ukisingizia umeshiba ndiko kunakonitia wasiwasi. Kama giza hilo linaendelea, usingizi hauji, huoni faida ya kuamka, mwambie daktari huyohuyo siku utakayokwenda kurekebisha faili. Kupoteza kiungo ni msiba, na hukupewa hata siku moja ya kuuombolezea.

Kitu kimoja unaweza kukifanya wiki hii bila kumkosea mtu. Mfuko una ofisi hapa Dodoma. Panda daladala uende ukaulize: ajali ilitokea Mei, taarifa haikutolewa, hospitali imeandikwa vingine, nifanye nini? Kuuliza hakukulazimishi kudai, na huna haja ya kuanza kwa kutaja jina la kiwanda. Beba kadi ya hospitali, kitambulisho cha taifa na ile taarifa ya miamala ya simu. Majibu utakayopewa yaandike, uende nayo nyumbani kwa mkeo. Kisha niandikie yeye amesemaje. Ile karatasi usiichane, na usiirudishe kwa baba mdogo kabla hujaipiga picha.